Fulana za Msiba wa Bibi Yake Lynette

Jumanne, 6 Novemba 2007

"Waaborijini hawana historia. Wana nukta."

Alphonce huyo, leo mchana kwa Mama Agape, anayetupikia Waafrika nyumbani kwake hapa China, mdomo umejaa ugali, meza nzima inasikia. Mwaka wa tatu wa udaktari wa uchumi! Akaongeza kwamba watu waliokaa peke yao kwenye bara zima, hawakuandika, hawakufanya biashara na mtu, hao hawana historia. Wana muda mrefu tu.

Muda mrefu tu. Nimeirudia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Na Lynette yuko pale pale, anakula dagaa. Kiswahili chake ni shikamoo na asante, kwa hiyo bwana mkubwa akajiona salama. Lynette anasoma Kichina, chumba kimoja na Sia wetu wa Moshi. Kwao ni jangwani, katikati ya Australia. Kila mwanamke aliyemzidi umri anamwita anti, na hakuna aliyemfundisha hapa — kaja nayo kutoka kwao. Mimi anti. Agape anti. Bibiana wa duka la nguo anti. Siku ya kwanza tu tulimchukua awe wetu.

Mwezi uliopita alituletea kijitabu cha maonyesho. Bibi yake, ▬▬▬▬▬, amesimama mbele ya turubai alilolichora. Nukta, ndiyo. Visima vya maji, njia, mahali walipopita waliotangulia. Lynette alitueleza kona moja. Kona nyingine akasema si zake kuzisema, za watu wengine wa ukoo. Kuna nukta za kuonyesha na nukta za kuficha. Alphonce anionyeshe makala yake moja yenye uwezo huo!

Nilimjibu? Nilimjibu. Mama Agape akaniomba nishushe sauti, Wakongo wa meza ya pili walidhani tunapigana.

Jumatano, 7 Novemba 2007

Sikulala vizuri. Hoja nzuri huja baada ya watu kuondoka mezani.

"Hawakufanya biashara na mtu." Asubuhi nikaenda mtaa wa vyakula vikavu vya baharini. Magunia kwa magunia ya majongoo bahari, yale yale wanayokausha Mafia. Basi Alphonce asome: mamia ya miaka iliyopita, mabaharia wa Makasa, bandari ya visiwani kaskazini mwa Australia, walikuwa wanakwenda na pepo hadi pwani ya kaskazini ya Australia, wanakaa miezi, wanavua na kukausha majongoo pamoja na wenyeji, na mzigo unaishia bandari za China ya kusini. Huku! Wenyeji wakachora mashua zile kwenye miamba. Mpaka leo kuna watu wa pwani ile wanaoita fedha rupia, kama bibi zetu. Sisi tunajiona wa kwanza kupanda ngazi za soko la jumla la Shisanhang na mabegi ya nguo, kumbe kuna watu ambao jasho lao lilishafika China kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Na kabla ya hapo? Miaka elfu arobaini, wengine wanasema zaidi. Nyimbo zinazotaja maji yalipo, kisima baada ya kisima. Mtu akikosea ubeti anakufa kwa kiu. Hayo ndiyo maandishi.

Nimeyapanga yote kwa ajili ya Jumapili, tukikutana tena mezani. Nitamtwanga.

Jioni — Sia amepiga simu. Bibi yake Lynette amefariki. Yule wa kwenye kijitabu. Binti hawezi kusafiri, pasipoti iko polisi kwa ajili ya viza ya mwaka mpya na hawaitoi kabla ya wiki mbili. Amekaa kitandani, hali chochote.

Majongoo bahari yangu yamekosa maana ghafla.

Ijumaa, 9 Novemba 2007

Niseme ukweli, watu wetu wana moyo. Bibiana kafunga duka lake kwenye jengo la Tianxiu mchana kweupe, siku ya wateja, kwa ajili ya msiba wa mtu asiyemjua. Matanga yatafanyika kwa Mama Agape Jumapili, baada ya ibada. Wali, maharage, mbuzi kutoka bucha za Waislamu mtaa wa Xiaobei. Rashid na wanafunzi wenzake watabeba viti. Rambirambi inapita mkono kwa mkono. Na katibu wa kamati ni nani? Alphonce! Kaipokea kazi kwa unyenyekevu, sikuamini. Mimi nimepewa wasifu wa marehemu, kwa kuwa ndiye ninayejua habari za kwao.

Nimeandika ukurasa mzima. Kisha nikampigia Sia nipate mwaka wa kuzaliwa.

Sia hakunipa mwaka. Akasema kuna jambo asilolielewa. Tangu Jumatano Lynette hajalitaja jina la bibi. Kile kijitabu amekifunika kwa fulana na kukisukuma chini ya kitanda. Na kuna msichana wa Perth darasani kwao, jina lake ni hilo hilo la marehemu. Tangu juzi Lynette anamwita "wewe", na yule wa Perth hajakasirika hata kidogo.

Nikakaa chini. Mimi mjuaji, mimi wa miaka elfu arobaini! Nimelisoma jambo hili mara kumi. Kwao, kwa jamaa nyingi, mtu akifa jina lake linapumzishwa. Hawalitaji. Picha yake haionyeshwi. Miezi, pengine miaka, mpaka familia yenyewe iseme basi. Si kila mahali ni sawa, lakini kwa binti huyu dalili ziko wazi. Kulitaja ni kumvuta marehemu arudi nyuma, wakati anatakiwa aende.

Na wasifu wangu umelitaja mara tisa.

Nimeuchana. Nimerudi kwenye ukurasa wa Jumanne nikalifuta jina pale kwa wino mzito. Najua hakuna anayesoma humu. Hata hivyo.

Jumamosi, 10 Novemba 2007

Nimekwenda Tianxiu kumwambia Bibiana kwamba hakuna wasifu. Nimekuta fulana.

Nyeupe, marobota mawili, bado zina joto la mashine. Ametoka nazo mtaa wa wachapaji, Guangyuan Xilu, laoban, yule bosi wa mashine, amemchapia siku moja. Kifuani uso wa bibi, mkubwa, kutoka kwenye kijitabu — Lynette alimwachia nakala moja. Juu, jina zima. Chini, Pumzika kwa Amani Bibi Yetu. Mgongoni turubai lake lote, kona zote, na zile zisizosemwa. Na bango la ukutani juu yake!

Nilianza vibaya. Nilimwambia ni ujinga. Bibiana akaendelea kukunja.

Nikaanza upya, polepole, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu kuliko mimi. Kisha akauliza, mtu afe, asitajwe, asionekane, huko si kumtupa? Kwao Kibosho hata mzee asiye na mtoto anachapiwa fulana.

Nikasema basi tumuulize Lynette mwenyewe.

"Mwalimu, mfiwa hasumbuliwi na maswali. Mfiwa anafanyiwa," akasema. "Wewe kila kitu kwako mdahalo."

Nikataka kujibu. Akanitangulia. Mama yake alifariki mwaka juzi, kontena likiwa njiani, yeye yuko hapa hapa. Hakuna aliyekuja. Alikaa nyuma ya kaunta hii akiuza jinzi, wateja wanamwambia punguza, na picha ya mama iko kwenye simu tu, ndogo kama kucha. "Nilitamani mtu mmoja avae sura ya mama yangu," akasema. "Mmoja. Huyu mtoto nitamvalisha watu arobaini."

Mimi! Nilimsaidia kukunja mbili tatu, sijui kwa nini, kisha nikaondoka.

Nimemtumia Sia ujumbe: usimuulize juu ya marehemu. Muulize tu angependa akute nini kesho.

Jumapili, 11 Novemba 2007

Naandika jikoni kwa Mama Agape, juu ya mfuko wa mchele. Nikifungua mdomo sasa hivi nitapiga kelele, na nikipiga kelele watajibu hoja ya kelele. Nimeshawazoesha.

Sebuleni wamejaa. Wote wamevaa fulana. Rashid amevaa juu ya kanzu. Mama Agape imembana, amechana ubavuni ili aenee. Bango limening'inizwa, bibi anatutazama sote. Alphonce anafanya mazoezi ya hotuba yake na jina limo kila mstari. Nilimvuta pembeni. Akasema kwa upole — kwa upole! — kwamba anajaribu kufuta ya Jumanne, anataka binti aone kwamba bibi yake alikuwa na historia. Ningemkumbatia, na ningemzaba kibao.

Sia kajibu. Wako kwenye teksi, wameshafika barabara ya Huanshi. Lynette amemwambia hivi, Sia kaitia Kiswahili kama alivyosikia: "Nataka nikae chini na akina anti. Tulie. Mtu yeyote asimwite bibi kwa jina, aende salama."

Nimempa Bibiana simu asome. Amesoma mara mbili. Amekaa kwenye kiti cha mfiwa, mkono kifuani, amefunika uso ule kwa kiganja. Hajavua. Alphonce anasema tungoje, pengine akiona atafurahi. Watu wanamtazama Bibiana, si mimi.

Basi haya ndiyo nitakayosoma, kwa sauti ya chini, kabla lifti haijafika.

Ninyi mliovaa. Sina ugomvi na upendo wenu, na leo sina ugomvi na mtu. Binti huyu hana nyumba ya kwenda kulia zaidi ya hii. Akiingia na kumkuta aliyempoteza kwenye vifua arobaini, hatakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Alphonce, historia yao ndiyo hii, kujua nani wa kutaja na lini, ikunje hotuba. Rashid, shusha bango, uso uangalie ukuta. Mama Agape, wote — geuzeni fulana, ndani iwe nje, na mgongo ufunikwe kwa khanga.

Bibiana, dada yangu, wewe ndiye wanayemngoja. Ondoa mkono. Vua. Anza wewe.