Mbegu za Pamba Zilizokataa Kuota

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana jambo hili nimelificha miezi saba na sasa linanishinda. Mimi ni mkulima wa Misungwi, mke wa Shimba, na tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba mume wangu anataka shamba lote liwe pamba, na mwaka juzi tulifanya hivyo, pamba ikakubali, lakini kufika Februari kihenge kilikuwa kitupu, unga tunapimiwa kwa kopo, na mwanetu Queen akalazwa wiki tatu kwa utapiamlo. Msimu huu nikamwomba tuache hata nusu ekari ya viazi na mtama, akasema, "Chakula kinanunuliwa, mama Queen." Basi alipokwenda msibani Nyegezi nikazimwagia mbegu za pamba maji ya moto, nikazianika, nikazirudisha guniani. Tukapanda pamoja, hazikuota, na kwa kuwa muda wa pamba ulishapita akakubali nipande viazi na mtama, na leo tuna michembe, viazi tulivyokatakata na kukausha, ya kututosha mpaka mwakani. Lakini Shimba alikwenda kumshtaki Nestory, karani wa kampuni ya pamba aliyetugawia zile mbegu, kwamba anagawa mbegu mbovu, na kampuni ikamfukuza kazi. Juzi Anyango, mke wa Nestory, alikuja na watoto wake kuniomba viazi, nikampa, akanishukuru huku analia. Nifanyeje?

S., Misungwi

Bibi S.,

Kutaka mwanao ale si kosa, na mumeo aliyesahau siku za wodini alistahili kuambiwa hivyo usoni. Ila hukumwambia. Ulipita nyuma yake, kisha ukanyamaza wakati mtu asiye na hatia anapoteza kazi. Viazi endelea kumpa Anyango, ana watoto, lakini usijidanganye kwamba umemaliza.

Mwambie Shimba wiki hii, na dada yake mkubwa awepo, maana atawaka. Usijitetee sana. Akishatulia, mwambie pia kwamba nusu ekari ya chakula haitaguswa tena, na muipime kwa hatua ninyi wawili.

Halafu nendeni pamoja kwenye kampuni, kwa sababu yeye ndiye aliyeshtaki, mkaseme mbele ya Nestory mwenyewe. Nendeni kabla mbegu za msimu mpya hazijafika. Karani mpya akishazoea kile kiti, ukweli wenu hautamsaidia Nestory chochote.