Nyuzi Nne za Baba, Nne za Papa Amisi

Kindu, Jumapili. Mvua ilinikuta katikati ya mto, na nimefika nyumbani nimelowa chapachapa. Kitenge cha harusi ya watu kinaningoja kwenye cherehani. Kingoje tu. Leo sishoni, nina jambo la kuungama.

Jana nilimfokea Baba.

Nianze mwanzo. Baba yangu ni mpiga mandolini. Niseme alikuwa, maana miaka miwili sasa, tangu ugonjwa ulipomlegeza mkono wa kushoto, hajapiga hata wimbo mmoja. Kila Jumamosi anaishusha mandolini kutoka ukutani, anaifuta vumbi, anairudisha. Daktari alisema vidole vikikosa kazi vitalala moja kwa moja. Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine. Niliogopa kwamba Jumamosi moja hataishusha tena, na siku hiyo atakuwa ameyaacha na mengine yote.

Basi nikaamua kumnunulia nyuzi mpya. Hapa Kindu tunapata za gitaa tu, na Baba amejikaza na hizo miaka na miaka. Binamu yangu aliye Goma akaniambia kule ziko za mandolini yenyewe, lakini nichague unene. Kuna pakiti ya namba kumi, nyembamba, haisumbui vidole. Kuna ya kumi na moja, nene, sauti yake imeshiba. Tofauti ni kama unywele, lakini eti sikio linaisikia.

Wiki nzima nilikuwa naishi na namba mbili kichwani. Mimi ni mshonaji, uzi naujua! Suruali ya jinzi huishoni kwa uzi wa kitenge. Na ile sauti ya utotoni niliikumbuka, nzito na tamu, ikijaza nyumba. Sikutaka Baba apewe sauti ya mbu ndani ya chupa. Nikaagiza nene.

Mandolini ina nyuzi nane, zinakaa mbili mbili, kila mbili zinalia sauti moja. Ya kwetu tangu niijue ilikuwa na nne tu. Vile vya kukazia nyuzi pale kichwani, sisi tunaviita masikio, vinne vilikaa wazi siku zote kama meno yaliyong'oka. Nilidhani ni umaskini, na nilikuwa naona haya mbele ya wageni. Kwa hiyo jana nikamfungia zote nane mwenyewe, huku yeye ananielekeza. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Zilipokazwa, shingo ya mandolini ilianza kuvutwa, nyuzi zikasimama mbali na ubao. Baba akaweka kidole. Kila kidole sasa kilitakiwa kukandamiza nyuzi mbili nene kwa pamoja. Kikatetemeka. Ikatoka "tk" kavu. Akajaribu tena, na tena, kisha akaurudisha mkono mapajani.

"Sauti njo hii," akasema, yaani ndiyo hii yenyewe. "Vidole njo vinakataa."

Halafu akaanza kulegeza nyuzi. Akafungua moja, akaacha moja, akafungua moja, akaacha moja, polepole. Mungu wangu, nilipandwa na hasira! Wiki nzima ya kuhangaika, halafu mtu anabomoa mbele ya macho yangu. Nikamwambia, "Basi Baba, kama unataka kukaa tu, kaa!"

Ndiyo, nilimwambia hivyo baba yangu mgonjwa. Naandika ili nisijidanganye baadaye kwamba nilisema kwa upole.

Hakuinua kichwa. Aliukunja uzi wa nne, akaurudisha ndani ya pakiti pamoja na wenzake.

"Mutoto wangu, hizi si zangu. Njo za Amisi."

Papa Amisi namjua tangu utotoni. Wakati wa vita alikuwa jirani yetu, na yeye pia alikuwa na mandolini. Mji ulikuwa umezingirwa, treni haifiki, shambani hakuendeki, tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Nyuzi zilipokatika, hao wawili walichambua waya wa breki ya baiskeli. Lakini waya ule wote una unene mmoja, kwa hiyo sauti ya juu ilipiga kelele na ya chini ikakoroma. Watoto tulicheka mpaka machozi. Hayo nayakumbuka.

Nililokuwa silijui, mpaka Baba aliponisimulia jana, ni hili. Askari waliingia dukani kwa Papa Amisi, wakabeba vitambaa, wakabeba sabuni, wakabeba mpaka mlango. Wakaacha pakiti moja chini kwa sababu hawakujua ni kitu gani. Ilikuwa nyuzi nane za mandolini. Mtu aliyebakiwa na pakiti ile tu duniani alivuka uani kwetu, akaifungua, akampa Baba nne. Toka siku hiyo walipiga pamoja tu, huyu uzi wake, yule uzi wake, sauti moja. Ile sauti nene ya utotoni niliyokuwa naitafuta Goma ilikuwa watu wawili.

Wakaagizana kwamba nyuzi za kweli zikipatikana tena, yeyote atakayezipata agawe. Ndiyo maana masikio yale manne yamekaa wazi miaka yote. Kwa nini sikuuliza hata siku moja?

Nilipomaliza kulia, Baba aliishika tena mandolini. Uzi mmoja kwa kidole kimoja. Shingo ilikuwa imetulia. Kidole kikatetemeka, kikakandamiza, na sauti ya "re" ikatoka. Nene, ya mviringo, ikakaa chumbani. Akaipiga tena, akacheka kama mtu aliyekutana na ndugu. Mimi fundi wa nyuzi nilipatia unene, nikakosea hesabu.

Leo asubuhi nikapanda mtumbwi mpaka Alunguli, ng'ambo ya mto, anakoishi Papa Amisi siku hizi. Magoti yamemchosha, kwetu amekuja mara mbili tu tangu Baba augue. Nikampa pakiti. Akachungulia ndani, akahesabu kwa kidole.

"Zingine iko kwake?"

"Ndiyo, Papa."

 Akaingia ndani, akatoka na mandolini yake. Ilikuwa na nyuzi nne zenye kutu, na masikio manne wazi. 

"Nitakuja Jumanne, magoti yapende yasipende," akasema. "Umuambie asikaze bila miye. Tutakaza pamoja."

Nimefika nyumbani nikamkuta Baba mlangoni, mandolini mapajani. Tangu jana ameikaza vizuri, nyuzi zote nne, na alikuwa anatafuta wimbo kwa kidole kimoja. Nikampa salamu kama nilivyotumwa.

Akaacha kutafuta wimbo. Kisha kwa mkono wake ule ule wa kushoto akashika masikio, moja baada ya jingine, akazilegeza nyuzi zote.

"Basi tumungojee," akasema.