Baba Yako Alisema Uko Nyuma

Ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
Mtaa wa nyuma ya soko.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Nauliza kwa moyo wote, maana wao hawajanikosea. Huku sote ni wazima, isipokuwa mapaja yangu, ambayo bado yanalalamika nikishuka ngazi. Hasira nilizonazo ni zako peke yako, kwa hiyo kaa chini usome.

Nimerudi juzi kutoka safari ya baiskeli na baba yako. Safari yako, kwa kweli. Wewe ndiye uliyemjaza maneno mwaka mzima: pwani nzuri, miji ya kale, twende msimu wa wageni ukiisha ili barabara iwe yetu. Mzee wa watu akaamini. Mtu aliyemaliza ujana wake ameinamia cherehani akaanza kuamka alfajiri kuzunguka uwanja wa mpira kwa baiskeli, majirani wakimcheka. Halafu kesho safari, leo unatuma ujumbe wa simu: "Kazi imenibana, baba. Mwakani." Hata kupiga hukupiga!

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda baiskeli aliyokuandalia wewe. Ningemwachaje aende peke yake?

Sitakudanganya, pwani ni nzuri. Barabara inapita juu ya majabali, bahari inachemka nyeupe huko chini, ukikata kona unakuta mji wa mawe umejibanza kwenye ghuba. Lakini msimu ukiisha umeisha kweli. Mikahawa imefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza na kutiwa minyororo. Mji wa kwanza, mlinzi wa ngome alitufungulia lango kwa sababu tu alichoka kukaa peke yake. Akatuonyesha mizinga. Baba yako akaipapasa, akamwambia, "Mwanangu ataipenda sana hii. Yuko nyuma kidogo, anakuja."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mji wa pili akamwambia muuza matunda vivyo hivyo. Mzee alikuwa anakusitiri, wewe, mbele ya watu wasiokujua!

Siku ya kuingia mji wa tatu upepo ulitupiga usoni tangu asubuhi, mchana mvua ikamwagika. Tulifika tumelowa chapachapa kwenye nyumba ya wageni pekee iliyokuwa wazi. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene mchangamfu, akatupa taulo na supu.

"Mko wawili tu?"

"Mwanangu yuko nyuma," akajibu baba yako.

Yule mama akaweka sahani ya tatu. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akamwamsha mumewe, fundi bomba, aliyekuwa amejinyoosha baada ya kazi. "Baba, amka. Kuna kijana wa watu yuko barabarani na mvua hii. Pale kwenye majabali panateleza."

Kabla sijatua kijiko, yule bwana alishavaa koti na kuwasha pikapu. Nilimkimbilia nikipunga mikono. Wapi! Alishakata kona, na simu yake ilikuwa mezani. Nikarudi ndani nikamkuta baba yako ameinamia supu. Ningesema mimi, ningemvua nguo mzee mbele ya mwenyeji wake. Nikaketi, nikauma meno.

Pikapu ilirudi jioni. Fundi aliingia ana matope mpaka magotini, sauti imemkauka.

"Sijamwona. Nimeshuka mpaka kwenye mawe, nimeita, nimeita. Tuwapigie polisi?"

Ndipo baba yako akasimama. "Hayuko, ndugu yangu. Hakuja. Hata kwake hajatoka. Nisamehe. Niliona aibu."

Nilingoja matusi, na ilikuwa haki yake kutukana. Fundi akavuta kiti, akakaa mbele ya sahani yako, akala chakula chako. "Basi tushukuru hajaanguka," akasema.

Baba yako akalia. Umewahi kumwona akilia? Mimi sikuwahi, hata tulipomzika mama.

Asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, ujumbe wako ukaingia: "Mmefika wapi? Nitumieni picha za bahari." Picha! Mwanamume asiye ndugu yako alikuwa anakutafuta chini ya majabali, na wewe unataka picha. Nilitaka kuirusha simu majini. Baba yako akaniomba nisikujibu kwa hasira. Nimengoja niseme kwa barua, na kama uonavyo, hasira hazijapungua.

Tulimaliza safari. Mji wa mwisho hakumtaja mtu. Hilo liliniumiza kuliko ule uongo wake.

Anasema mwakani atakwenda tena. Usimwambie unakuja. Usiandike, usiahidi, usiseme "nitajitahidi". Kama unakuja, ingia kwenye gari, shuka mlangoni kwake, piga hodi. Ukishindwa, nyamaza tu. Atajua yuko na mimi.

Msalimie wifi yangu, umbusu mtoto. Shangazi anakusalimu, yeye sijamwambia, kwa hiyo bado anakusifu. Mungu awalinde nyote, na akulainishe huo moyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo, kwa taabu.