Wairimu Chini ya Taa ya Buluu

Mama,

Amepona. Nimeona nikuambie hilo kwanza.

Ulituacha mwezi mmoja tu kabla sijajifungua. Ni msichana wa pili, kwa hivyo kwa mila yetu jina ni la mama yangu, ni lako: Wairimu. Mama mkwe alitufungia chumba cha ndani siku nne, kama desturi, na dirisha akaliziba kwa gunia sababu ya baridi ya huku Tetu. Nilikuwa nimechoka, nikakubali. Siku ya nne tulipotoka uani ndipo nikaona macho yake. Njano kama ua la malenge. Hata kunyonya alikuwa amelegea.

Majirani walikuja kumwona, mmoja akasema, "Huyu ametoka mweupe, atasumbua wanaume." Wakacheka. Mama mkwe akasema ati tungoje mpaka Jumapili, labda itaisha yenyewe. Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu, lakini leo sikusikii. Nipe leso nimbebe, nampeleka hospitali."

Hospitalini mjini wakamlaza uchi chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa kitambaa. Sista akanieleza: damu ya mtoto ikivunjika, wekundu wake hugeuka kijani, kisha njano, na ini changa haliwezi kuitoa yote. Ikizidi sana, inaingia kwa ubongo. Mwanga ndio unaigeuza, itoke kwa choo na mkojo.

Nikakukumbuka, Mama. Nilipoanguka kutoka kwa mpera, ulikagua mguu wangu uliovilia damu kila asubuhi: mweusi, kijani, njano. "Sasa inaenda," ukaniambia. Mimi ni wa darasa la saba tu, lakini sista nilimwelewa.

Siku ya pili Wairimu akachafua nepi, kijani kizito kama sukuma wiki iliyopikwa ikasahaulika. Sista akaiinua juu kama kombe. "Mama Wairimu, hii ndiyo tulikuwa tunangoja!" Wodi nzima ikapiga makofi, kwa sababu ya choo. Nililia, nikacheka.

Tuliporudi, mama mkwe mwenyewe akatoa lile gunia.

Kuna asubuhi natamani tu ungenishikia mtoto, nilale kidogo.

Nakuahidi, kila mtoto atakayezaliwa nyumba hii nitamtoa kwa mwanga siku ya kwanza, nimwangalie macho, hata wakinisema mpaka Karatina.

Pumzika, Mama. Naachia hapa. Wairimu ana njaa, na kilio chake kinasikika ng'ambo ya mto.

Binti yako,
Muthoni