Uji wa Kunipa Nguvu

Jumatatu, 3 Machi
Nesi kanisema mbele ya foleni nzima. Sukari iko juu tena. Eti nadokoa! Eti wajawazito sote waongo. Mimi, ambaye jana saluni niliitazama keki ya mwenzangu kama mtu aliyemwona mpenzi wake wa zamani, nikameza mate, nikaendelea kusuka.
Kisukari cha mimba. Jina gani hilo? Kama vile mtoto ndiye aliyekileta.

Alhamisi, 6 Machi
Vidole vimetobolewa hadi basi kwa kupima sukari. Kila nikivuta nywele, navyo vinauma. Mteja: mbona unasuka legelege? Nikacheka tu.
Jioni mume wangu kauliza kama kweli sili kitu kwa siri. Kauliza kwa upole — upole huo ndio ulionichoma. Mama yake anachambua mchicha pembeni, akanitetea. Muache mwenzio, hata kula hali! Nusura nimkumbatie.

Jumamosi, 8 Machi
Mgongo umekataa, nimechelewa kazini. Naingia jikoni kuchukua maji — mama mkwe kainamia sufuria yangu ya uji. Mkononi pakiti ya glukosi. Anamimina, anakoroga, anakamulia ndimu juu yake.
Kumbe! Na mimi kila nikionja utamu kwenye uji, nilidhani ulimi wangu umesahau ladha.
"Mama, unafanya nini?"
"Si sukari hii, mwanangu. Ni ya nguvu tu."
Nilimwambia anataka kuniua. Nilimwambia na mengine, sitayaandika. Akakaa chini, pakiti mapajani. Mtoto wa kwanza wa wifi yangu, akasema, alizaliwa kama kijiti. "Nilimwosha mimi, tukamzika. Alienea kiganjani. Wewe unakonda, nikae nitazame?"
Sikuwahi kuambiwa habari za mtoto huyo. Nimelia. Hasira haikutoka hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe hali, hasemi, anakunja nguo zake. Mume wangu: Mama hakukusudia, ungemtaka radhi tu yaishe. Mimi! Nimetobolewa mimi, nimeitwa mwongo mimi, na radhi niombe mimi.
Na mama mwenyewe hata pole hajanipa.

Jumatano, 12 Machi
Mtoto ni mkubwa kupita umri wake, daktari kasema. Kuanzia leo ni sindano za insulini, na nimelazwa waniangalie. Nesi nimemweleza ya glukosi. Kacheka — "Mama wakwe hao!" — kisha kanichoma sindano. Basi. Hakuna aliyekosea dunia hii isipokuwa mimi.
Mume wangu kaja mikono mitupu, simu tu. Mama yuko stendi, basi linajaza abiria. Anataka neno moja la radhi kutoka kwangu, ashuke. Nisiposema, kwetu hakanyagi tena, hata nikijifungua.
Kaiweka simu juu ya shuka. Iko hewani. Namsikia mama anapumua, na kondakta anaita watu. Mtoto anapiga mateke upande wa kushoto.
"Sema basi," mume wangu ananong'ona.
Mama kaita jina langu. Mara moja, taratibu.
Wananisubiri wote wawili. Na mimi bado naandika —