Globu za Vifaranga

Marwa mdogo wangu,

Ni mimi dada yako Bhoke. Nimekaa kwenye kile chumba chako cha uani, hapa nyumbani Itiryo, nimefunga mlango ili mama asinione naandika. Najua hakuna anayepeleka barua kaburini. Niache tu, mura. Hili neno limenikaba miezi saba.

Kwanza za nyumbani. Mama anakula vizuri sasa. Mahindi yamekubali. Wenzako wa machimboni Kewanja walikuja na unga na sukari, na yule kijana wa Shinyanga mliyekuwa mnachimba naye alishindwa hata kunywa chai. Anasema udongo ulipoanza kumeguka, wewe ulimsukuma yeye kwenye ngazi kwanza. Nilikasirika, lakini sikushangaa.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka ulivyokuja kutoka machimboni, umekonda, unakohoa vumbi, ukanifuata jikoni? Ukasema, "Dada, shimo limenichosha, nataka kutoka." Nikafurahi. Kisha ukaniambia utatokaje: miche ya bangi ndani ya chumba hiki, dirisha limezibwa, chini ya taa. Shambani askari wanafyeka, ukasema, ndani nani ataona? Ukaniuliza taa gani zinafaa, kwa sababu nilikaa miaka miwili kwa shangazi kule Kenya nikilea miche ya nyanya chini ya taa.

Mimi nilimwona mama tu. Nyumba ni ya mama. Wakija askari wangemchukua yeye, na miguu yake ile mibovu. Ningekataa kukwambia, ungemuuliza mtu mwingine. Basi nikakudanganya. Nilijua kabisa ni zile taa nyeupe, ndefu, zinazoshushwa karibu na majani. Nikakwambia nunua globu za njano, zile za kupashia vifaranga joto, kwamba mche ni mtoto, unataka joto. Ukacheka, "Kumbe ni kama kuku wa mama." Siku hiyohiyo ukaenda Sirari kuzinunua.

Nilitaka ikushinde uache, basi. Na kweli ilikushinda. Miche ilirefuka, ikawa myembamba kama uzi, ikainama, mingine ikaungua majani. Kila asubuhi unaingia na kopo la maji, unaiongelesha. Mimi napita na ndoo yangu, najifanya sioni. Mche wa mwisho uliung'oa mwenyewe ukaniambia, "Mkono wangu hauna kilimo, dada. Ngoja nirudi nilikozoea." Hukunilaumu hata kidogo. Nikakufungia viazi vya njiani. Wiki tatu baadaye tukapigiwa simu.

Nilidhani hapo ndipo pazito kuliko pote. Kumbe bado. Mwezi uliopita nilienda Sirari kununua waya, mzee wa lile duka la taa akanijua kwa sura, si unajua tunavyofanana. Akanipa pole. Akasema, "Nilimwambia hizi si za mimea, achukue nyeupe. Akakataa. Akasema dada yake ndiye anayejua, na dada yake hawezi kumdanganya." Alikuwa ananisifu, Marwa. Alidhani ananifariji. Nilitoka bila waya, nikakaa kwenye ngazi za duka nikalia, watu wanapita wananitazama.

Na globu unajua ziko wapi? Mama amezichukua. Wewe ulimwambia unalea nyanya humu, naye hakuuliza zaidi. Sasa anaamini ulimnunulia yeye. Ana vifaranga kwenye boksi, na akiwasha tu anasema, "Mwanangu alinikumbuka." Hadi kanisani amesema. Mimi nipo pembeni ya boksi, nawamwagia pumba.

Ningenyamaza, mama abaki na zawadi yake. Lakini kuna lingine analosema, na hilo silivumilii. Anasema ulipenda dhahabu kuliko nyumbani, ndiyo maana ulirudi shimoni. Anawaambia majirani hivyo, analia. Si kweli. Ulitaka kutoka, mimi ndiye niliyekufungia mlango.

Kwa hiyo nakuahidi. Kesho tukishalisha kuku, nitamkalisha mama chini nimweleze yote, ya bangi yako na ya uongo wangu. Akinifukuza, nitaenda. Globu abaki nazo, vifaranga hawana kosa.

Pumzika, mdogo wangu. Ungeniuliza leo ningekujibu ukweli: nyeupe, na uzishushe karibu na majani. Halafu tungegombana juu ya hiyo bangi yako mpaka mama aje kutuamua. Ungeninunia mwezi mzima, na ungekuwa hai.

Dada yako,
Bhoke