Mapumziko Niliyokunyima

Mama Ndeshi,

Wewe una akili, au umeziuza gulioni? Mama anayeleta ndizi huku Dar ameniambia jana kwamba ulianguka mgombani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ukalala chini mpaka jirani akakumwagia maji, halafu ukainuka ukajitwika tena. Ukajitwika! Na barua yako ya juzi inasema, "Huku sote wazima, mama, wewe pumzika tu." Mwongo mkubwa.

Haya, hujambo? Ndeshi hajambo, kifua chake kimetulia? Mume wako ameleta habari kutoka Mererani, au bado anachimbua mawe ya watu? Mimi napumua. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile za ngumbaru, tulizofundishwa ukubwani, kwa sababu sitaki mtu wa nyumba hii ajue. Soma polepole utaelewa.

Unakumbuka mwanangu wa Dar, shemeji yako, aliponichukua mwezi wa tisa alisema, "Mama, twende Dar ukapumzike, upate nguvu za Krismasi." Nimepumzika mpaka nimechoka. Asubuhi mtori wa ndizi na nyama, mchana mtori, jioni maziwa. Nikishika ufagio mkewe ananinyang'anya: "Mama, kaa kwenye kochi uangalie televisheni." Naangalia watu wazima wanakata viuno mchana kweupe. Nikitoka uani, joto linanirudisha ndani.

Jumapili baada ya ibada wanangu walikutana hapa sebuleni kupanga sikukuu. Nilikuwa chumbani, mlango wazi, wakadhani nimesinzia. Wakahesabu watu: arobaini na kitu, pamoja na wakwe wa Nairobi. "Pombe ya mbege atasimamia mama, nani anaijua kama yeye?" Mmoja akauliza, "Ataweza?" Shemeji yako akacheka. "Huoni anavyonawiri? Miezi mitatu anakula tu!" Nikasema moyoni, kumbe. Mbuzi wa sikukuu naye tunamfungia ndani, tunamletea majani mpaka mdomoni, naye anadhani anapendwa.

Na nguvu zenyewe hazipo, mwanangu. Hilo sijamwambia mtu. Juzi nilikaa kwenye kigoda bafuni nikashindwa kuinuka. Nikabaki pale mpaka sabuni ikanikaukia mwilini, naona aibu kuita. Miguu hii haitasimama tena jikoni siku nne kuchemsha ndizi za pombe. Imekwisha. Na kama ni kulala, nimelala.

Hapa kitandani nina kazi moja tu, kuwaza. Nawaza uzazi. Nimezaa mara saba, na kila mara mama mkwe wangu, pamoja na ukali wake wote, alinifungia ndani miezi mitatu akanilisha. Kuni sishiki, jembe sishiki. Ndiyo mapumziko pekee niliyowahi kuyapata duniani. Wewe ulipomzaa Ndeshi ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Hujamaliza hata mwezi mmoja wageni wakawa njiani, nikakuita utoke ukoroge mbege. Ukasema, "Mama, mgongo." Nikakujibu mbele ya wifi zako, "Mgongo wa nani hauumi? Mimi nimeumbwa na mgongo wa mbao?" Wakacheka. Ukatoka.

Miaka sita sasa hujasimama sawasawa. Nilikuwa naona. Nikanyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda.

Sina dawa ya hilo. Mgongo hauponi kwa maneno ya barua, na Mungu sijui ataniuliza nini nikifika kwake. Lakini ukianguka tena usiinuke, hao arobaini watakuja kula msibani, na nyama watasema ni tamu vilevile. Nawajua, nimewazaa.

Kwa hiyo kesho nawaambia kwa mdomo wangu kwamba miguu imekufa na mbege kwetu mwaka huu hakuna. Watanuna. Watasema mama amezeeka. Si uongo. Anayetaka kula sikukuu Mwika atapika mwenyewe, na masufuria ataosha mkewe.

Nisalimie mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Wifi yangu mjane wa nyumba ya juu msalimie pia, ingawa ana maneno mengi. Ng'ombe mpelekee yeye, anajua kutunza. Mama yako mzazi mpe salamu zangu za heshima. Mwambie akitaka kunitukana ana haki, ila angoje nifike anitukane usoni.

Ni mimi mama mkwe wako,
Bibi yake Ndeshi.

Jumamosi funga mlango, mchukue mtoto, nenda kwenu Mkuu, kwa mama yako. Mwambie nimekutuma ukae kama mzazi wa jana: usishike kuni, usishike jembe, ulishwe. Atakayekuuliza mke wa mtu anakwendaje kwao na sikukuu imekaribia, mjibu kwamba mama mkwe ameamuru, kisha ugeukie ukutani ulale. Na nisikuone Mwika kabla ya miezi miwili kutimia.